Daraja la Lisbon Halimsafishi Salazar

Wako watu ambao kila ukiutaja udikteta wa Salazar hukujibu kwa neno moja: daraja. Husema kwamba hata kama mzee yule aliwatia gerezani wapinzani wake na kuwapiga vita Waafrika, walau alijenga. Kisha hukuonyesha daraja la kuning'inia linalovuka mto Tagus mjini Lisbon. Hoja hiyo hupendwa hata na baadhi ya wasomi, nayo ni potofu tangu mzizi wake.

Tuanze na daraja lenyewe, maana wengi wanaolisifu hawalijui. Ujenzi ulianza Novemba 1962, na daraja likafunguliwa tarehe 6 Agosti 1966. Kati ya mnara na mnara ni mita 1,013, na barabara imeinuliwa kiasi cha mita 70 ili meli kubwa zipite chini yake. Mnara wa kusini umesimikwa juu ya mwamba ulio karibu mita 80 chini ya uso wa maji. Kazi kama hiyo ni ya kuheshimiwa, nasi tunaiheshimu. Lakini mkandarasi mkuu alikuwa kampuni ya chuma ya Marekani, mkopo nao ulitoka Marekani, na jasho lilikuwa la wafanyakazi wa Ureno. Mchango wa Salazar uliokuwa dhahiri kuliko yote ni jina lake, lililobandikwa nguzoni kwa herufi kubwa za shaba.

Jambo ambalo wapambe wake hawapendi kulizungumza ni reli. Daraja lilikusudiwa kubeba magari juu na treni chini. Hilo si jambo jepesi. Daraja la kuning'inia lina tabia ya kamba ya kuanikia nguo: ukitundika mzigo mzito mahali pamoja, hubonyea hapo na kuinuka kwingine. Gari dogo halilisumbui. Treni iliyojaa abiria ni mamia ya tani zinazotembea kwa mfuatano, na reli haivumilii kupindapinda. Kwa hiyo sakafu ya daraja hukazwa kwa fremu nene ya chuma, na misingi na minara hupimwa mapema kwa uzito huo. Lisbon vilipimwa hivyo. Mtu asituambie, basi, kwamba elimu haikuwapo.

Reli haikuwekwa. Treni za abiria zilianza kuvuka Julai 1999, miaka 33 baada ya sherehe za ufunguzi, fremu ilipokwisha kuimarishwa na nyaya kuu nyingine kutandazwa juu ya zile za zamani. Wajapani walipofungua Daraja Kuu la Seto mwaka 1988, ambalo mojawapo ya sehemu zake za kuning'inia lina mita 1,100 kati ya minara, magari na treni vilianza kupita pamoja.

Ni nani aliyeihitaji treni hiyo? Ng'ambo ya kusini ya Tagus, huko Almada, Seixal na Barreiro, ndiko kulikokuwa na viwanda na makazi ya makabwela. Mwenye gari alijengewa njia. Asiye na gari aliendelea kupanga foleni ya feri. Na daraja lilipokuwa likijengwa, serikali ile ile ilikuwa ikipigana vita tatu: Angola tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963, Msumbiji tangu 1964. Hatudai kwamba kila senti ya reli iligeuzwa risasi. Tunasema kwamba serikali iliyopata fedha za kuwaua wakulima wa Cabo Delgado, ikakosa za kumvusha mfanyakazi wake mwenyewe, ilikuwa imekwisha kuchagua. Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji kusimuliwa habari za utawala huo. FRELIMO iliundwa katika mji huu Juni 1962, na humu humu, tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa katika kifurushi.

Utawala huo ulipoangushwa tarehe 25 Aprili 1974, wananchi waliing'oa shaba yenye jina la Salazar, nalo daraja likapewa jina la siku hiyo.

Watesi wa hoja yetu watasema kwamba hata serikali za kuchaguliwa zimewakamua watu pale pale. Ni kweli. Mwaka 1994 ushuru wa daraja ulipandishwa kwa nusu nzima. Madereva wakaliziba daraja kwa malori, na polisi wakawapiga. Lakini mwaka uliofuata chama kilichotawala kilishindwa katika uchaguzi. Wanaomsifu Salazar kwa sababu ya daraja watujibu hili: kama madereva wale wangeliziba mwaka 1966, makachero wa PIDE wangewapeleka wapi?