Sadaka ya Wazazi Si Mkopo



Barafu kwetu ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Siku mawingu yanapofunguka, mkulima wa upande wa Beni huiona iking'aa juu ya kilele cha Ruwenzori, kisha huendelea na jembe lake. Katika nchi za baridi, kinyume chake, wako watoto wanaokua wakicheza juu ya barafu, na nyuma yao wako wazazi wanaojinyima. Tumeona vema tutafakari habari zao, kwa maana swali lililomo ni letu pia: mzazi anapojinyima kwa ajili ya mtoto mwenye kipaji, je, anatoa sadaka au anatoa mkopo?

Michezo hiyo ni ya gharama. Kandanda yaweza kuanza kwa mpira wa matambara. Uwanja wa barafu hugandishwa kwa mitambo, na saa za kuutumia hulipiwa. Viatu vyenye chuma chembamba chini yake hubadilishwa kila mguu unapokua. Tena yupo mwalimu wa kulipwa, yapo mavazi, zipo safari. Mara nyingi mazoezi hufanyika alfajiri kabla ya masomo, hata mzazi akaamka gizani kabla ya mtoto.

Tumtazame Debi Thomas wa Marekani. Mama yake, Janice, aliachana na mumewe mtoto akiwa bado mdogo. Huko California alimwendesha kwa gari kila siku kati ya nyumba, shule na uwanja, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mwaka 1986 Debi akawa bingwa wa dunia wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu. Mwaka 1988, katika Olimpiki ya Calgary, wengi walimtazamia dhahabu. Usiku wa mwisho alikosea katika kutua baada ya kuruka, akapata shaba. Alikuwa Mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki za majira ya baridi. Hata hivyo, mbele ya waliongoja dhahabu, alikuwa ameshindwa. Baadaye alisomea udaktari, akawa mpasuaji wa mifupa.

Hapo ndipo penye kipimo. Kama kilomita zile zote zilikuwa mkopo, basi deni halikulipwa usiku ule. Kama zilikuwa sadaka, hakuna kilichopotea, kwa maana aliyependwa ni mtoto, wala si medali.

Tumtazame pia Karl Subban, mwalimu aliyehamia Kanada kutoka Jamaika akiwa kijana mdogo. Yeye na mkewe Maria walikuwa na watoto watano. Karl alifanya kazi hadi usiku, kisha akampeleka mwanawe P.K. kuteleza katika uwanja wa wazi ulio mbele ya ukumbi wa jiji la Toronto, wakati watoto wengine wamelala. P.K. alichaguliwa na timu ya Montreal mwaka 2007. Mwaka 2013 akatajwa kuwa beki bora wa ligi kuu ya magongo ya barafuni. Mwaka 2015 aliahidi kuipatia hospitali ya watoto ya Montreal dola milioni 10. Alichopewa usiku katika baridi kilivuka nyumba yao, kikawafikia watoto wagonjwa asiowajua.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha mama wa namna hiyo. Hana alimwomba Mungu mtoto, akampata Samweli, akamtoa kwa Bwana. Kila mwaka alimshonea joho dogo, akampelekea hekaluni. Joho lilipaswa kukua pamoja na mtoto, kama viatu vile vya barafuni. Hatusomi kwamba Hana alimdai Samweli malipo.

Lakini Maandiko yanatuonya pia. Yakobo alimpa Yozefu kanzu nzuri, na ndugu zake wakamchukia. Kosa halikuwa kanzu tu. Lilikuwa baba asiyetazama nyuso za watoto wengine. Sisi tunaofundisha katekisimu tumeyaona haya katika nyumba nyingi: mbuzi anauzwa, shamba linawekwa rehani, ili mmoja asome au aende kujaribiwa katika timu mjini, na dada yake anaachishwa shule bila kuulizwa neno. Husemwa, «Mmoja akifika, atawavuta wengine.» Pengine ni kweli. Lakini yule mmoja anapewa mzigo wa jamaa nzima begani, na akianguka, wote huanguka pamoja naye, tena hulaumiwa peke yake.

Kwa hiyo tunasema bila kuficha: sadaka inayochukuliwa mfukoni mwa mtoto mwingine pasipo ridhaa yake haijawa sadaka ya mzazi, ni ya mtoto yule, na hakuna aliyemshukuru. Wazazi wakae kwanza na watoto wote, walitamke jambo waziwazi, na fungu la kila mmoja lijulikane.

Nanyi vijana mliobebwa, msiishi kama wadeni wanaomkwepa mdai, wala kama watu waliosahau mlango walikotokea. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba taji la wanariadha huharibika. Upendo uliomwamsha mama yako alfajiri hauharibiki. Nawe huwezi kuurudisha wote kwake. Mshukuru angali hai, kisha umpatie mwingine ulichopewa.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Ni nani nyumbani alijinyima ili mimi nifike hapa? Je, nimemwambia asante, au nangoja kwanza nifaulu?

2. Ni ndugu yangu yupi aliyelipa bila kuulizwa? Juma hili nitamfanyia nini?