Huduma Si Fulana ya Siku Moja



Katika parokia zetu za Kolwezi tumezoea kuona jambo moja likijirudia. Kundi la wanafunzi wa chuo kikuu hufika Jumamosi asubuhi, wote wamevaa fulana za rangi moja zilizoandikwa maneno ya huduma kwa jamii. Hufagia ua wa kituo cha afya, hugawa sabuni, hupiga picha na watoto, na kabla jua halijawa kali huwa wameshaondoka. Juma linalofuata takataka zimerudi, sabuni imekwisha, na watoto wale wale wanaosha mawe mtoni. Kinachobaki ni picha, na kwa wengine cheti kinachothibitisha kwamba wao ni viongozi.

Tunasema wazi: hiyo si huduma, ni matembezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumegeuka wageni wa nusu siku katika mitaa tuliyozaliwa, tukaondoka kabla jembe halijaletwa.

Hatuwalaumu waliofagia, ua safi ni bora kuliko ua mchafu. Tunalolipinga ni mazoea ya kumchukua kijana aliyesomea kemia, sheria, uganga au ujenzi kwa miaka kadhaa, kumpa ufagio kwa saa tatu, kisha kumpongeza kwamba ametumikia taifa. Ufagio kila mtu anaujua, na mama muuza maharagwe anaujua kuliko yeye. Asichokuwa nacho mama huyo, na ambacho mwanafunzi anacho, ni elimu ya chuo. Na ndicho hasa ambacho siku hiyo hakikuletwa.

Tazameni ardhi tunayoikalia. Jimbo la Lualaba lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa. Chini ya miguu yetu kuna shaba, na pamoja nayo kobalti, ambayo takriban asilimia 70 ya ile yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Kasulo alichimba kiwanjani kwake akakuta madini, na haukupita muda mrefu mtaa ukajaa mashimo, hata ndani ya nyumba za watu. Kanuni zinawakataza wachimbaji wadogo kwenda chini zaidi ya mita 30, lakini kila anayeishi hapa anajua kwamba mashimo mengi yamepita kipimo hicho. Juni 2019 kifusi kiliwaua wachimbaji zaidi ya 40 katika machimbo yaliyo karibu na mji wetu. Novemba 2025, huko Kalando, daraja la kujitengenezea lililowekwa juu ya handaki lenye maji lilivunjika chini ya umati wa watu, na wafu walizidi 30.

Hatusemi kwamba mwanafunzi mmoja angezuia maafa hayo. Wenye dhamana ya usalama wa machimbo wapo, na wana mishahara na mihuri. Tunachouliza ni hiki: katika mji ambao vijana wake husomea miamba, ujenzi na sheria za kazi, ni mara ngapi elimu hiyo imeshuka hadi kwa mchimbaji, kwa lugha anayoielewa, kabla ya msiba na si baada yake?

Tuchukue mfano wa mizani. Mchimbaji hufika kwenye depo la mnunuzi na mfuko wake. Mnunuzi huupima uzito, kisha huelekeza kifaa kidogo kwenye mawe na kutaja asilimia ya madini iliyomo. Bei hufuata namba hiyo. Mchimbaji hana kifaa, wala hana namna ya kujua kama namba aliyotajiwa ndiyo iliyosomwa. Malalamiko kwamba namba hupunguzwa na mizani huchezewa yamesikika kwa miaka mingi, na watafiti wa ndani na wa nje wameyaandika. Mwanafunzi wa kemia anajua kifaa kile hufanyaje kazi, unyevu wa mawe hubadili nini, na sampuli huchukuliwaje ili isidanganye. Akikaa na chama cha wachimbaji kwa muhula mmoja akawafundisha mambo hayo matatu tu, atakuwa amewapa mkate wa kila siku. Siku ya kufagia haijampa mchimbaji hata faranga moja.

Tuchukue mfano wa sheria. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo hiyo inaitaka kampuni inayochimba itenge walau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na itie sahihi daftari la majukumu pamoja na jamii hizo. Daftari hilo huandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Mzee wa kijiji anayepaswa kulisimamia huzungumza Kiswahili, Kisanga, Kindembo au Kiluba. Anaahidiwa kisima, shule na zahanati. Mwaka unakwisha, naye hajui aulize kwa nani wala ashike ukurasa upi. Mwanafunzi wa sheria anayelisoma daftari hilo pamoja naye, kifungu kwa kifungu, hadi mzee aweze kusimama kwenye mkutano na kuuliza kisima kiko wapi, huyo ametumikia. Na tena amejifunza sheria kuliko alivyojifunza darasani, kwa maana sasa anajua inauma wapi.

Kwa nini basi hatufanyi hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba uongozi tunaojifunza chuoni mara nyingi ni uongozi wa kukalia watu. Mwanafunzi mpya huitwa «ble», hunyenyekezwa na kuamrishwa na waliomtangulia, naye huvumilia akingoja zamu yake ya kuamrisha. Kisha huja uchaguzi wa kamati, na kwa wengi kamati ni ngazi ya kufikia ofisi. Tukihitimu tunadai kuitwa Bwana Injinia na Mheshimiwa, na tunakasirika tukisahauliwa kwenye viti vya mbele, hata kanisani.

Siku hizi kuna semina za «uongozi wa kutumikia», na baadhi yake hulipiwa. Jina hilo lilienezwa na Mmarekani Robert Greenleaf katika insha aliyoitoa mwaka 1970, naye alikuwa na hoja njema: anayetaka kuongoza aanze kwa kutaka kutumikia. Lakini semina nyingi zimeligeuza kuwa mbinu ya kupandia cheo: tumikia kidogo ili utawale zaidi. Sisi Wakristo hatuna udhuru wa kudanganyika hivyo. Kila Alhamisi Kuu tunamwona Bwana akivua vazi lake, akijifunga kitambaa na kuinama mbele ya miguu yenye vumbi. Hakufanya hivyo ili achaguliwe. Kesho yake alisulubiwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kilichoko mvunguni mwa jimbo letu ni watu.

Sababu ya pili ni kumbukumbu mbaya. Wazazi wetu walijua Salongo ya enzi ya Mobutu, kazi ya pamoja iliyolazimishwa, ambayo mnyonge alishika koleo na mkubwa alisimamia. Tangu hapo wengi wakisikia «huduma kwa jamii» husikia shuruti. Wana haki. Ndiyo maana hatutaki huduma ya amri, ya kuitwa majina na kupigiwa alama za mahudhurio. Huduma ya kulazimishwa hufundisha jambo moja tu, nalo ni kungoja siku utakapokuwa wewe mwenye kulazimisha.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Vijana wengi hutuambia: sisi wenyewe ni maskini; ada inatushinda, chumba kinatushinda, tunatafuta kazi; iweje tufanye kazi bure? Swali hili lina historia katika lugha yetu. Oktoba 1966, mjini Dar es Salaam, wanafunzi karibu 400, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Wasomi walitakiwa kulitumikia kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara wao. Rais Julius Nyerere aliwafukuza chuoni. Lakini hakuishia hapo. Wanafunzi walikuwa wameinyooshea kidole mishahara ya wakubwa, naye papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Watu wanaweza kubishana hadi leo kama aliwaonea wale vijana, na sisi hatusifu kufukuzwa kwao. Tunashika jambo moja: hakuwadai wengine sadaka ambayo yeye mwenyewe hakuitoa. Mwalimu, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alielewa kwamba kiongozi asiyejipunguzia hana kinywa cha kuwahimiza wengine. Basi tunawajibu vijana wetu hivi: hatuwadai fedha msizo nazo, wala hatutaki mnyonywe na ofisi inayotafuta kazi ya bure. Na wakubwa wa vyuo, wa serikali na wa parokia zetu wasiwahimize kutumikia kama wao wenyewe hawajapunguza posho, magari na viti vyao. Lakini mwenye maarifa si maskini wa kila kitu. Ada yenu ilitoka kwenye mifuko ya mawe na kwenye meza za sokoni. Hilo ni deni, na deni la maarifa hulipwa kwa maarifa.

Tarehe 2 Februari 2023, mbele ya vijana waliojaa katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko alitumia vidole vya mkono mmoja kuwafundisha: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, na mwisho, kwenye kidole kidogo, huduma. Uaminifu na huduma vimo katika mkono ule ule. Anayefagia ua Jumamosi na kulamba mchango wa wanafunzi Jumatatu ameukata mkono huo.

Siku hiyo Baba Mtakatifu alimtaja kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Floribert alisomea sheria. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, na alitumia muda wake kwa watoto wa mitaani, akiwajua kwa majina na kuwasaidia wasome. Alipopata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, alikataa rushwa ili asiruhusu mchele ulioharibika uuzwe kwa watu. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma. Angalieni mpangilio wa maisha yake: mtu aliyezoea kukaa na watoto wenye njaa alijua mchele ule mbovu ungeliwa na nani. Huduma ya miaka ndiyo iliyomfundisha kukataa siku moja. Fulana ya Jumamosi haimfundishi mtu hivyo.

Tunapendekeza mambo matatu, na tunaomba kila kikundi cha vijana kiyajadili bila woga.

Kwanza, mahali pamoja kwa mwaka mzima. Afadhali wanafunzi watano katika kijiji kimoja mwaka wote kuliko mia moja katika vijiji kumi siku moja.

Pili, wenyeji waseme kwanza. Kardinali Joseph Cardijn, mwanzilishi wa Vijana Wafanyakazi Wakristo, alituachia njia ya kuona, kuamua na kutenda. Sisi tumeruka hatua mbili tukakimbilia kutenda. Masista wa Mchungaji Mwema waliopo Kolwezi wanajulikana kwa kazi yao na watoto waliotoka machimboni na kwa mama zao. Hawakuja na ufagio na kuondoka adhuhuri; wameishi nasi, na kazi yao inadumu kwa sababu hiyo.

Tatu, hesabu itolewe mbele ya waliotumikiwa. Kila mwisho wa muhula wanafunzi wasimame kwenye mkutano wa jumuiya, waseme kwa Kiswahili walichofanya na walichoshindwa, na wenyeji wawahukumu. Cheti, kama ni lazima kiwepo, kitiwe sahihi na wenyeji hao.

Tunajua kwamba kuuliza habari za mizani na mrabaha huamsha maadui. Kwa hiyo hatumtumi kijana yeyote peke yake. Aende na wenzake, ajulikane na paroko wake, na Tume ya Haki na Amani itembee pamoja naye. Lakini asiache kwenda kwa sababu ya woga wetu sisi wakubwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kila mmoja wetu anasomea nini, na ni nani katika jumuiya yetu anayeumia kwa kukosa elimu hiyo?

2. Ni ahadi gani iliyoandikwa kwa ajili ya mtaa au kijiji chetu, na nani kati yetu ameisoma?

3. Tukiwaalika wenyeji wahukumu huduma tuliyoifanya mwaka jana, watasema nini?