Kalasi ya mu telefone nayo inaomba ekipe

Mwezi wa tatu 2020, wakati Covid-19 ilifunga masomo mu inchi nzima, watoto wetu waliambiwa wafuate mafundisho ku redio na ku televizyo. Ugonjwa ulipita, masomo ya mbali yakabaki. Leo hapa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kijana anaweza kuandikishwa mu formasyo ya ku intaneti bila kutoka mu kartie. Ni kitu kizuri. Lakini kuanza ni kitu kimoja, kumaliza ni kingine: mu masomo ya bure ya intaneti, mahali pote duniani, mara nyingi hata watu 15 juu ya 100 hawafiki mwisho.

Kwetu watu wanasema: ni mega, ni umeme. Ni kweli. Laini ya Inga inaleta umeme ku migodi ya Kolwezi tangu miaka ya 1980, njia ya kilometre karibu 1 700, na inapita juu ya vijiji visivyo na hata balbu moja. Lakini tunaona sababu nyingine, na hiyo haingoje SNEL: mwanafunzi anaachwa peke yake.

Baba anayeshuka mu shimo anajua. Mtu mupya hatumwi chini peke yake siku ya kwanza. Anaonyeshwa kamba, anaonyeshwa njia ya kutokea, anajua nani wa kuita. Kalasi ya intaneti je? Siku ya kwanza wanatuma linki, siku ya pili somo limeanza. Mwenye kushindwa kufungua ananyamaza kwa haya, kisha anapotea.

Tunafikiri juma la kwanza lisiwe la somo. Kila mmoja ajaribu kufungua, kutuma sauti, kurudisha zoezi dogo. Mwalimu aulize: telefone ni ya nani? Inarudi nyumbani saa ngapi? Maana mu nyumba nyingi telefone moja inaenda ku kazi na baba, na jioni binti yuko ku jiko. Hapo wazazi ndio wanapaswa kupanga saa, na saa hiyo iheshimiwe. Mwalimu naye atume maandishi na sauti. Video inakula mega zote.

Kisha wanafunzi wapangwe watano-watano, wenye kukaa karibu. Kama mmoja hakuonekana siku tatu, wenzake waende kupiga hodi kwao. Hodi hiyo haina bei, na inarudisha mtu ambaye ujumbe ishirini haukumurudisha.

Feza je? Kode ya migodi ya 2018 inaomba kampuni za migodi zitoe angalau 0,3 % ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoguswa na mugodi. Wawakilishi wenu wanapokaa kuchagua miradi, muwaambie waombe chumba cha kusomea chenye sola na intaneti. Lakini musikubali kompyuta peke yake: muombe pia mtu wa kufungua mlango kila jioni, anayejua majina ya watoto. Bila yeye, vumbi ndiyo itasoma. Kidole kimoja hakivunje chawa, hata kama kiko juu ya telefone.