Mbwa Koko na Damu Inayoonekana Safi

Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwezi Agosti 2005, maelfu ya mbwa walibaki bila wenyewe. Waliokolewa, wakasafirishwa hadi majimbo mengine ya Marekani. Baadhi yao walipochunguzwa, karibu nusu walikutwa na minyoo ya moyo. Mbu wa huko walikokwenda hawakuhitaji zaidi ya hapo.

Mnyoo huyu, Dirofilaria immitis, huenezwa na mbu. Akikomaa huishi katika mishipa ya mapafu na upande wa kulia wa moyo, na majike humwaga mabuu katika damu. Kipimo cha kale ni tone la damu chini ya darubini: mabuu wasipoonekana, mbwa huhesabiwa mzima. Hesabu hiyo ni ya hatari. Huenda minyoo aliyonayo ni ya jinsia moja tu, au bado haijazaa, maana tangu kuumwa na mbu hupita miezi sita au zaidi. Au kingamwili zimekwisha kuwaangamiza mabuu. Darubini haioni kitu, na moyo unaendelea kuharibika.

Wapo wasomi wanaotuambia kwamba jawabu ni PCR, kipimo tulichokizoea wakati wa UVIKO-19. Nakubaliana nao nusu. PCR hunasa vinasaba vichache mno na hutofautisha spishi ambazo jicho huzichanganya. Lakini mabuu wasipokuwamo katika damu, vinasaba vyao navyo huweza kukosekana. Hapo kipimo cha antijeni, kinachotambua protini ya mnyoo jike aliyekomaa, mara nyingi hufaa zaidi, ingawa minyoo ikiwa madume matupu nacho hupitwa. Ndiyo sababu watafiti wengine husaka vinasaba vya Wolbachia, bakteria aishiye ndani ya mnyoo mwenyewe. Anayenunua mashine moja ya fahari na kudhani kazi imekwisha anaitapanya fedha ya umma.

Watumishi wa afya wa pwani yetu wanaielewa adha hii kupitia matende. Mabuu wa Wuchereria bancrofti hujitokeza damuni usiku, hivyo watu waliamshwa kutolewa damu usiku wa manane, hadi kadi za antijeni zilipowezesha kupima mchana. Kwa binadamu tulikubali kukesha. Kwa mbwa koko tunaridhika na tone moja la mchana, kwa kuwa hana wa kumlipia.

Na bado mbu humwuma mbwa kisha humwuma mtu. Mnyoo wa mbwa hafiki mbali ndani yetu: hufia mapafuni na kuacha uvimbe ambao katika picha ya eksirei hufanana na saratani. Wapo waliopasuliwa kifua kwa ajili yake.

Kwa hiyo ninalodai kwa kila anayewahamisha mbwa wasio na wenyewe, na kwa serikali inayompa kibali, ni antijeni pamoja na PCR kabla ya safari, kipimo kirudiwe baada ya miezi sita, na gharama iingizwe katika bajeti ya afya ya jamii.