Nuru Isiyopiga Hodi

Nuru ni neema, wala hapana mwenye akili timamu aombaye arudishwe gizani. Lakini neema ikikosa mipaka hugeuka udhia. Maji ni uhai, walakini jirani akiyaelekeza nyumbani kwako huyaiti uhai, bali gharika. Basi kwa nini taa imulikayo dirisha la mtu usiku kucha isihesabiwe kosa? Huingia bila hodi kama mwizi, na kinachoibwa ni usingizi. Gizani mwili hutengeneza homoni iitwayo melatonini, nayo huuarifu kwamba usiku umeingia. Mwanga mkali huipunguza.

Watetezi wa taa kali husema kwamba zinafukuza wezi. Dai hili si la kudharauliwa. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, taa za milingoti mirefu ziitwazo mulika mwizi zimewafaa wapita njia na wachuuzi. Lakini taa isiyo na kifuniko, iliyoelekezwa usoni mwa mtu, humtia kiwi: mboni za macho husinyaa, na kivuli kilicho kando huzidi kuwa kizito. Mwizi atake maficho gani bora kuliko hayo? Taa ya kufaa humulika njia, haimuliki macho.

Waumiao si wanadamu peke yao. Katika ufuko wa Watamu kasa hutaga mayai mchangani. Watoto wao, watokapo usiku, hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu kale ni bahari iakisiyo mwezi na nyota. Taa za majumba zikimulika ufuko, huwavuta nchi kavu, wakafa kwa uchovu, au kwa jua, au wakaliwa na kaa.

Yuko atakayesema kuwa nuru haiwezi kutungiwa sheria. Wenzetu wamekwisha kuitungia. Mji wa Flagstaff, Marekani, ulipiga marufuku taa za matangazo zilizomulika angani mwaka 1958, ili wachunguzi wa nyota wafanye kazi yao. Ufaransa iliamuru mwaka 2013 kwamba taa za madirisha ya maduka zizimwe ifikapo saa saba za usiku. Biashara hazikufa kwa hilo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapa Kenya kelele zilitungiwa kanuni mwaka 2009. Sikio limekingwa, jicho limekosa nini? Na iamriwe kwamba kila taa ya nje ifunikwe juu na kuelekezwa chini, iwe na nguvu ya kutosha kazi yake tu, na ile ya matangazo izimwe watu walalapo. Amri hii haimnyang'anyi mtu taa yake. Humwokolea fedha, kwa kuwa umeme umulikao mawingu hulipiwa sawasawa na umulikao njia. Tena humrudishia jirani usiku wake, ambao hakuna aliyepewa ruhusa ya kuuchukua.