Nyumba Haioshwi kama Gari

Wako watu siku hizi wanaoamini kwamba dawa ya kila kichafu ni maji, na kwamba nguvu ya maji ikizidi, usafi nao huzidi. Imani hiyo ilianzia kwenye magari, ikahamia kwenye vibaraza vya saruji, na sasa imefika kwenye kuta za nyumba za kale za mawe, kule Unguja, Lamu na Mombasa. Vijana huja na mashine yenye injini, mpira mrefu na bomba lenye mdomo mwembamba, wakapatana bei na mwenye nyumba, na kabla ya adhuhuri ukuta uliokuwa mweusi kwa kuvu umekuwa mweupe. Majirani wakipita husifu. Mimi sisifu. Nasema, tena bila ya kutafuna maneno, kwamba kuuelekezea ukuta wa chokaa mashine ile ni kuubomoa kidogo kidogo, na mwenye kuilipia kazi hiyo anailipia nyumba yake ianguke.

Asinielewe vibaya msomaji. Sina ugomvi na mashine yenyewe. Nyumba ya matofali ya saruji iliyopigwa lipu nzuri inaweza kuoshwa kwa mashine isipate dhara, mradi mwoshaji ajue kazi yake. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya kuutendea kila ukuta kana kwamba kuta zote zimezaliwa na mama mmoja.

Hebu tuutazame ukuta wa kale ni kitu gani. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayashika kwa udongo na chokaa. Chokaa hiyo nayo ilitokana na mawe yale yale: yalipangwa juu ya magogo katika tanuu, yakachomwa kwa moto mkali, kisha yakazimwa kwa maji yakawa unga laini. Chokaa ikishapakwa haikauki tu kama matope yanavyokauka. Huvuta hewa ya ukaa iliyomo angani, na kwa muda mrefu hurudi kuwa jiwe. Hata hivyo jiwe hilo ni laini, tena lina vinyweleo. Maji ya masika huingia kidogo, na jua la kaskazi huyatoa. Kwa hiyo tunaposema kwamba ukuta wa chokaa unapumua, hatusemi ushairi. Tunaeleza jinsi unavyofanya kazi.

Sasa tupime nguvu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kiasi cha paundi 30 kwa inchi ya mraba. Mashine ndogo ya kuoshea, hizi za kawaida, husukuma maji kwa paundi 1,500 na zaidi. Nguvu hiyo, ikitoka katika tundu lisilofika upana wa punje ya mchele, hukata ngozi ya mtu. Je, itaisamehe lipu ya chokaa iliyopakwa zamani za babu? Kwanza huondoka kuvu, na hapo ndipo watu wanapopiga makofi. Pamoja na kuvu huondoka ile ngozi ngumu ya juu iliyochukua miaka kujijenga. Kisha maji husukumwa ndani kupitia kila ufa, yakafika mahali ambapo mvua ya kawaida isingeyafikisha. Huko ndani ipo chumvi ya bahari. Maji huiyeyusha, na ukuta unapokauka chumvi hutoka nje na kuganda chini ya uso wa lipu, ikaisukuma mpaka ikabanduka vipande vipande. Hali kadhalika zipo boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu, ambazo ncha zake zimezikwa ukutani. Boriti ikikaa kavu hudumu umri wa watu wawili watatu. Ncha yake ikishinda na unyevu, huoza kimya kimya, na aliye juu hana habari.

Watetezi wa mashine wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Husema kwamba kupaka chokaa kila mwaka ni kazi ya kuchosha, na mafundi waashi wanaoijua wamepungua. Ni kweli. Husema pia kwamba vijana wanapata riziki. Nalo ni kweli, na mimi si adui wa riziki ya mtu. Lakini kijana yule yule mwenye mashine angeweza kupewa burashi ya nyuzi laini, ndoo ya maji na ndoo ya chokaa nyepesi, akalipwa ujira ule ule. Chokaa ina ukali unaoua kuvu, kwa hiyo husafisha huku ikitibu. Mashine husafisha huku ikijeruhi. Kuvu nao, kwa kuwa unyevu umeongezeka ukutani, haoni tabu kurejea. Hapo mwenye nyumba huita mashine tena, na kila mara ukuta unapungua unene.

Basi mtu akiniuliza nyumba iandaliwe vipi kabla ya kuoshwa, jibu langu halianzi na kufunga madirisha. Linaanza na swali: ukuta huu ni wa nini? Ukwaruze kwa ukucha mahali pa uficho. Ukitoa unga mweupe, mwambie mwenye mashine aende zake kwa salama. Ukiwa ni wa saruji, endelea, lakini kwa utaratibu. Kagua nyufa uzizibe kwanza, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, nayo maji ya mashine huuona ufa kabla ya jicho lako. Zima umeme kwenye swichi kuu, na ufunike mita, taa za nje na soketi. Funga madirisha, uyazibe kwa nailoni yale yasiyofunga vizuri. Mlango wa nakshi ufunike wote. Mbao haitaki presha hata kidogo. Ondoa vyungu vya maua, kamba za nguo na watoto. Jaribu kipande kidogo kwanza, bomba likiwa mbali, ndipo usogee. Usielekeze maji kutoka chini kwenda juu kwenye vigae au mabati. Na ikiwa paa ni la asbesto, usiliguse kabisa, maana nyuzi zake zikitawanyika huingia mapafuni na huleta saratani.

Lakini liko jambo zito kuliko yote hayo, nalo ndilo lililonifanya niandike. Nyumba nyingi katika Mji Mkongwe wa Unguja ni za serikali, au za wakfu, au ni urithi wa ndugu wengi ambao hawajagawana. Mali ya wengi haina mwenye kuilipia paa. Paa linavuja, mfereji wa maji machafu umepasuka ndani ya ukuta, ngazi inalia kila ikikanyagwa, na wapangaji wa juu wanaweka ndoo kila mvua ikinyesha. Likizuka shauri la kutengeneza, kila mmoja humtazama mwenziwe. Likizuka shauri la kuosha uso wa nyumba ili ipendeze machoni pa wageni, fedha hupatikana siku ile ile. Mimi hilo siliiti usafi. Ni kumpaka mgonjwa poda usoni ili wageni wasijue kwamba ana homa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nasi tumeshika mlango tu.

Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu ukafuata mwaka 2001. Tulishangilia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, iliporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba iliangushwa na mashine ya kuoshea, hilo halikuwa. Nasema kwamba ikiwa jumba kubwa kuliko yote, lililotazamwa na kila mtu, liliweza kuua, basi nyumba ya kichochoroni isiyotazamwa na yeyote inaweza kuua zaidi, na watakaokuwa chini yake ni watoto wa madrasa, mama muuza vitumbua, na mzee anayekaa barazani kwa kuwa hana pengine pa kukaa.

Kwa hiyo, wewe mwenye sehemu yako katika nyumba ya namna hiyo, hata kama sehemu yenyewe ni ndogo, usikubali kuchangia kuosha kabla hujauliza lini litazibwa paa. Waambie nduguzo maneno hayo kikaoni, wakuchukie ikibidi. Ukuta mweusi uliosimama unaweza kupakwa chokaa mwakani. Ukuta mweupe ulioanguka haupakwi kitu.