Siku 10 kwa Miaka 25

Agosti 1986, mke wa Michael Morton aliuawa kitandani kwake katika kaunti ya Williamson, Texas. Mwaka uliofuata Morton akafungwa maisha. Kumbe polisi walikuwa na maandishi ya mazungumzo yao na bibi wa mtoto wa marehemu. Mtoto huyo wa miaka 3, aliyekuwa nyumbani siku ile, alimsimulia bibi yake kwamba zimwi ndilo lililompiga mama. Baba alikuwepo? Hapana, akajibu. Majirani nao waliripoti kumwona mwanamume mwenye gari la kijani akizungukazunguka nyuma ya nyumba. Mawakili wa Morton hawakuonyeshwa hayo.

Kilichomwokoa ni kitambaa chenye damu kilichookotwa karibu na nyumba, ambacho ofisi ya mashtaka ilipinga kwa miaka kisipimwe. Vipimo vya vinasaba vya 2011 vilimtoa Morton gerezani baada ya karibu miaka 25: vilionyesha damu ya marehemu na chembechembe za mwanamume mwingine. Na hapa ndipo roho inaponiuma: mwanamume huyo alikuja kutiwa hatiani pia kwa kumuua mama mmoja huko Austin, Januari 1988, Morton akiwa tayari gerezani.

Tusidanganyane kwamba sheria ilikosekana. Tangu 1963 Mahakama Kuu ya Marekani inamtaka mwendesha mashtaka akabidhi ushahidi unaomsaidia mshtakiwa. Tatizo ni kwamba anayeamua upi unasaidia ni yeye mwenyewe, na akiuficha, uamuzi wa mahakama hiyohiyo wa 1976 unamkinga asidaiwe fidia. Watetezi wa kinga hiyo husema bila hiyo waendesha mashtaka wangeogopa kuwakabili wauaji. Hoja ina uzito kwa anayekosea kwa nia njema. Kwa anayeficha makusudi haina. Madaktari hudaiwa fidia wakizembea, na bado wanatibu.

Ken Anderson, aliyeendesha kesi ile, alipanda hadi kuwa jaji. Mwaka 2013 alijiuzulu, akasalimisha leseni ya uwakili na kupewa siku 10 jela kwa kudharau mahakama. Mwaka huohuo Texas ilipitisha sheria yenye jina la Morton, inayowafungulia mawakili wa utetezi majalada ya mashtaka. Ni hatua njema, ila kinga imebaki palepale. Naona iondolewe kwa kila atakayethibitika kuficha ushahidi kwa makusudi, na fidia itoke mfukoni mwake, si kwenye kodi za wananchi peke yake.